Miendelezo inayokumbuka: maoni yangu kuhusu sehemu za pili na tamthilia za kutisha

Sehemu ya pili ya filamu ya kutisha ina kazi moja inayotangulia nyingine zote: kukumbuka yaliyotokea katika sehemu ya kwanza. Sizungumzii kukumbuka kwa mdomo, pale mhusika anapotajataja majina ya marehemu kisha visu vikarudi kazini. Nataka nione kwamba mambo yale yaliwapata watu, na kwamba bado wanayo. Aliyenusurika anafungaje mlango wake usiku? Majirani wanamtazamaje? Filamu ya kutisha, uichambue utakavyo, inahusu jambo lililopita likakataa kupita: maiti iliyofichwa, kosa la wazazi, nyumba iliyomwagikiwa damu. Mwendelezo unaofuta ya jana ili uanze upya unakuwa umekata mzizi wa hadithi yake wenyewe. Hicho ndicho kipimo changu, na ninakitumia hata kwa zile ninazozipenda.

Kwa kipimo hicho, mwendelezo bora kabisa niliowahi kuuona ni Psycho II ya mwaka 1983. Najua wengi hawajaigusa. Wanaona jina, wanakumbuka kwamba Alfred Hitchcock, aliyeongoza Psycho ya kwanza ya 1960, alishafariki tangu 1980, wanahitimisha kwamba hao ni watu waliotaka kuvuna wasichopanda. Waitazame. Mwongozaji Richard Franklin na mwandishi Tom Holland walichukua jambo la kweli, yaani kwamba Anthony Perkins, anayemwigiza muuaji Norman Bates, alikuwa ameongeza miaka zaidi ya ishirini tangu filamu ya kwanza, wakalifanya kuwa hadithi: Norman Bates ametibiwa, ameachiliwa baada ya miaka 22, na anarudi kwenye nyumba ileile ya juu kilimani. Anataka kuwa mtu mzima kama wengine. Hapo ndipo hofu ilipo. Unakaa unamwombea muuaji apone, huku kila aliye karibu naye akimkumbusha alikotoka. Lila, dada wa Marion aliyeuawa bafuni, anarudi akiigizwa na Vera Miles yuleyule, na hasira yake haijapungua hata chembe. Nani atamlaumu? Filamu yenyewe haimlaumu, na nguvu yake iko hapo hapo: wote wawili wana haki.

Kuna tukio la jikoni ambalo ningependa kila mwigizaji chipukizi alione. Norman amemkaribisha msichana anayeitwa Mary, mambo ni ya chakula tu, na katika mazungumzo ya kawaida kabisa inambidi ataje visu. Neno linamkwama. Midomo ya Perkins inalishika, inaliachia, inalishika tena, na ule upole wa mwenyeji mwema hautoki usoni. Hakuna muziki wa kukushtua, hakuna kivuli ukutani. Miaka 22 ya hospitali yote imo katika kigugumizi kile kimoja.

Sehemu ya tatu, ya 1986, aliiongoza Perkins mwenyewe. Ina huzuni nzuri lakini ina haraka ya kuua. Ya nne, iliyotengenezwa kwa ajili ya runinga mwaka 1990, naipa alama kwa Perkins peke yake.

Ndiyo maana Bates Motel ilipoanza mwaka 2013 niliikaribia kwa wasiwasi. Tamthilia inayorudi kwenye ujana wa Norman, tena ikahamishiwa zama za simu za mkononi, ilikuwa na kila sababu ya kuharibika. Maelezo ni sumu ya hofu: ukishanieleza zimwi limekuwaje zimwi, umelipunguza kimo. Lakini ilikwenda misimu mitano, sehemu 50, na sababu kubwa ya kufika huko ni Vera Farmiga. Norma wake ni mama mcheshi, muongo, jasiri, anayemkumbatia mtoto mpaka mtoto anakosa hewa. Freddie Highmore naye hamwigi Perkins. Anamfikia polepole, msimu kwa msimu, kwa namna anavyoinamisha kichwa, kwa namna anavyotabasamu akiwa ameudhika. Katika tamthilia hii anayekumbuka ni mtazamaji. Wao hawajui kilichoko mbele, wewe unajua, na kila wanapocheka pamoja jikoni wewe moyo unakwenda mbio.

Ina udhaifu. Mambo ya biashara ya bangi ya mji wa White Pine Bay, pamoja na majambazi wake wasiokuwa na sura ya kukumbukwa, yalinichosha tangu msimu wa kwanza, na ningekata nusu yake bila kuona hasara. Vumilia. Msimu wa nne ni miongoni mwa kazi bora zilizowahi kupita kwenye runinga kwa jina la hofu. Na wa tano, Rihanna anapofika pale motelini kama Marion Crane, unathubutu kuligusa lile tukio la bafuni ambalo karibu kila mtu analijua hata kama hajaiona filamu. Linaguswa vipi, sitasema.

Halloween inaniuma zaidi, kwa sababu ile ya 1978 naipenda kuliko karibu filamu zote za aina yake. Michael Myers, muuaji wake, alitisha kwa kuwa hakuwa na sababu. Kisha ya 1981 ikamfanya Laurie, msichana aliyenusurika mikononi mwake, kuwa dada yake, na muuaji akapewa sababu. Ya tatu, ya 1982, ilimweka Michael kando kabisa ikasimulia habari ya barakoa za watoto zenye uchawi ndani yake. Watu waliizomea. Mimi naitetea: ilisimama kama hadithi nyingine yenye ubaya wake, na mwisho wake, mtu akipiga kelele kwenye simu akibembeleza tangazo la runinga lizimwe, ni wa kikatili kweli.

Baada ya hapo ukaja ufutaji. Ya 1998 ilizifuta ya nne, ya tano na ya sita. Ya 2007 ikaanza upya kabisa. Ya 2018 ikafuta kila kitu isipokuwa ya kwanza, pamoja na udada wenyewe. Yule mtoto Jamie, binti wa Laurie tuliyemhangaikia katika ya nne na ya tano, kwa hesabu za sasa hakuwahi kuzaliwa. Mtengenezaji anaweza kusema amesafisha nyumba. Mimi niliyekuwa nimemshika yule mtoto moyoni nifanye nini? Nikimpenda mhusika wa filamu ijayo, nimpende kwa uhakika gani?

Pamoja na hayo, ile ya 2018 inastahili haki yake. Laurie wa Jamie Lee Curtis ni bibi mwenye bunduki na nyumba iliyojaa makufuli, na binti yake alilelewa kama askari akamchoka. Kule ndiko kukumbuka ninakokusema. Laiti wangebaki hapo. Halloween Kills ya 2021 iliyageuza maumivu yale kuwa kaulimbiu ya umati, kila mtu akikariri maneno yaleyale barabarani. Halloween Ends ya 2022 ilipigwa mawe na wengi. Mimi niliiheshimu kwa kuuliza mji uliozoea kuogopa utamtafuta nani wa kumwogopa zimwi likipotea, ila iliuliza swali hilo mwishoni mwa safari, wakati watu walikuja kuangalia pambano.

Kufuta kwenyewe si dhambi kila mara. William Peter Blatty, aliyeandika riwaya iliyozaa The Exorcist, aliongoza The Exorcist III mwaka 1990 akiipita kando ile ya pili ya 1977 kana kwamba haipo. Yeye alishika uzi aliouanza mwenyewe: Padri Karras, aliyekufa katika filamu ya kwanza, na rafiki yake mpelelezi Kinderman ambaye sasa ni mzee na bado hajapata mtu wa kuziba pengo lile. George C. Scott anamwigiza Kinderman kama mtu anayekasirika ili asilie. Studio ililazimisha mwishoni liwekwe tukio la kupunga pepo, na mshono unaonekana wazi. Nakubali. Lakini filamu hii ina dakika chache za korido ambazo sijaona mfano wake.

Ni usiku, hospitalini. Kamera imetulia mwisho wa korido ndefu na haitaki kusogea. Muuguzi yuko mezani kwake, mbali. Anasikia kitu, anaingia chumbani, kumbe ni barafu inapasuka kwenye glasi. Mgonjwa anakurupuka na kumfokea, unashtuka, unadhani yamekwisha. Kamera inarudi palepale. Mlinzi anapita. Muuguzi anafungua mlango mwingine, anaingia, anatoka, anaufunga. Hakuna kitu. Anageuka aende zake, na kabla hujavuta pumzi yupo mtu nyuma yake, amejifunika nguo nyeupe, ameshika mkasi mkubwa usawa wa shingo. Picha inakatwa. Damu hakuna hata tone. Waongozaji wanaorundika mishtuko kila dakika mbili wakae wapime muda ule wa kimya: Blatty alikulaza kwanza, akakuamsha mara moja kwa kitu kidogo ili ujione salama, ndipo akaja.

(Asiyetaka kuharibiwa utamu wa tamthilia ya The Exorcist aruke aya inayofuata.)

Tamthilia hiyo ilidumu misimu miwili tu, 2016 hadi 2017, sehemu 20 kwa jumla. Mwanzoni unaona familia ya Chicago yenye binti aliyeingiwa na pepo, na mama anayeigizwa na Geena Davis akihangaika kutafuta padri. Unasema moyoni, haya, tumeshayaona. Kisha mwishoni mwa sehemu ya tano unagundua kwamba mama yule ndiye Regan, mtoto wa filamu ya 1973, aliyebadilisha jina na kujificha maisha yake yote. Nilisimama. Maana ghafla kila alichokuwa akifanya, kuanzia udhibiti wake hadi ule utulivu wake wa kulazimisha, kikapata uzito: huyu ni mtu aliyepona bila kupona. Msimu wa pili, wenye John Cho kama baba mlezi wa watoto yatima, ni mzuri pia, na padri wawili, Alfonso Herrera na Ben Daniels, wana mapenzi ya kindugu yanayobeba sehemu hata zile dhaifu. Ilifutwa ikiwa ndiyo kwanza inapata miguu. Linganisha na The Exorcist: Believer ya 2023. Ellen Burstyn alirudishwa baada ya nusu karne, mwigizaji ambaye uso wake peke yake ungetosha filamu nzima, akapewa muda mfupi na jeraha la macho, basi. Walimwita kwa ajili ya bango.

Kuna pia kusahau kunakoamuliwa na wanasheria, na mashabiki tunapaswa kulijua jambo hili kabla ya kuwatukana waandishi. Hannibal, tamthilia ya 2013 hadi 2015 yenye Mads Mikkelsen kama muuaji Hannibal Lecter, haikuwa na haki ya kumtumia Clarice Starling, mpelelezi wa FBI katika hadithi zilezile. Clarice, tamthilia iliyotoka 2021, haikuruhusiwa kulitaja jina la Hannibal Lecter. Hadithi moja imepasuliwa katikati, kila upande una nusu. Hannibal ilitumia upungufu ule ikajenga kitu chake, kizuri na cha ajabu, karibu ndoto. Clarice ilizunguka shimo mpaka ikaanguka ndani, ikaisha kwa msimu mmoja. Ash vs Evil Dead nayo ilianza mwaka 2015 bila ruhusa ya kuitaja Army of Darkness, filamu ya tatu katika mfululizo wake wenyewe! Bruce Campbell akaibeba hata hivyo. Tunamkuta Ash akijibana tumbo kwa mkanda mbele ya kioo, mwanamume aliyeshinda mashetani ujanani na hajafanya kitu kingine tangu hapo. Sehemu zake ni za karibu nusu saa, na ufupi ule ni baraka. Hofu na kicheko vyote viwili huoza vikivutwa. Misimu mitatu, sehemu 30, sina ya kukata.

Japani walifanya jaribio ambalo bado linanivutia: Januari 31, 1998, Ringu na mwendelezo wake Rasen zilitoka siku moja. Ringu ikapasua dunia, Rasen ikapuuzwa, na mwaka uliofuata wakatengeneza Ringu 2 inayoiacha Rasen kando. Rasen ilijaribu kueleza laana ya Sadako, mzimu wa filamu hizo, kwa lugha ya maabara na virusi. Narudi palepale: maelezo.

Zinazobeba jina tu nitazipitia upesi. Friday the 13th: The Series, 1987 hadi 1990, haina Jason, muuaji wa filamu za jina hilo, wala ziwa lake, ni habari ya duka la vitu vya kale vilivyolaaniwa, na watu watatu wanaovisaka kimoja kimoja. Ni nzuri kwa haki yake, lakini aliyeifuata kwa ajili ya Jason alidanganywa. Freddy's Nightmares, 1988 hadi 1990, ilimfanya Freddy, muuaji anayewavamia watu ndotoni, kuwa mkaribishaji wa hadithi za watu wengine, na zimwi likishakuwa mkaribishaji limekwisha. Kama unamtaka Freddy, baki na Dream Warriors ya 1987, ambako Nancy anarudi akiwa mtu mzima kuwasaidia vijana wanaoota alichoota yeye. Hiyo inakumbuka.

It: Welcome to Derry, tamthilia ya 2025 inayotangulia filamu za It, iko kati. Inarudi mwaka 1962, na wazo lake kubwa, mji unaosahau watoto wake kila baada ya kizazi, ni wazo ninalolipenda kwa dhati. Mwisho wa sehemu ya kwanza, ndani ya jumba la sinema, uliniambia wazi kwamba hakuna mtoto aliyelindwa. Kinachoniudhi ni viumbe vya kompyuta. Jicho linavikataa mapema, na hofu inageuka kuwa kazi ya kutazama ufundi.

Hapo ndipo Chucky, mwanasesere muuaji wa Child's Play, anapowashinda wote.

Mashabiki tunazijua nasaba za kazi hizi kama za ukoo. Tom Holland aliyeandika Psycho II ndiye aliyeongoza Child's Play mwaka 1988. Brad Dourif anayekaa gizani katika The Exorcist III akizungumza kwa sauti inayokuingia mifupani ndiye sauti ya Chucky. Meg Tilly, yule Mary wa jikoni kwa Norman, ni dada wa Jennifer Tilly, anayemwigiza Tiffany, mpenzi wa Chucky. Na juu yao wote yuko Don Mancini, aliyeandika au kushiriki kuandika filamu zote saba, kuanzia 1988 hadi 2017, kisha akaiongoza tamthilia ya Chucky kwa misimu mitatu, 2021 hadi 2024. Mkono mmoja, miaka zaidi ya thelathini. Huyu hakufuta kitu. Seed of Chucky ya 2004 ilichekwa na kutupwa, yeye mwenyewe akakaa miaka kadhaa bila filamu nyingine ya mwanasesere huyu, na bado tamthilia ilipokuja aliwarudisha watoto wa filamu ile, Glen na Glenda, akawapa hadhi yao. Andy, mtoto wa filamu ya kwanza, anarudi akiwa mwanamume, na anayemwigiza ni Alex Vincent yuleyule. Uso wake umebeba miaka ambayo vipodozi visingeweza kuitengeneza.

Msimu wa kwanza ndio bora. Jake, mvulana wa miaka 14, amefiwa na mama, anaishi na baba mlevi, anatengeneza sanamu kwa viungo vya wanasesere. Ananunua mwanasesere mkuukuu. Na mwanasesere yule, badala ya kumrukia na kisu, anamsikiliza. Anamuuliza habari za shule. Jake anavutiwa na wavulana na baba yake hataki kusikia. Chucky anamwambia naye ana mtoto asiyejiona mvulana wala msichana, na kwamba hana shida naye. Anasema kwa upole. Nilikaa nikihisi baridi, kwa sababu ndivyo watu wabaya wanavyowapata watoto wapweke: kwa kuwa wa kwanza kuwaelewa. Kisha ndipo anaanza kumshawishi aue. Hakuna mtu wa kompyuta hapo, ni mwanasesere wa kweli mwenye mota usoni na watu wanaomchezesha, na anapomtazama Jake, Jake anamtazama kitu kilichopo.

Fiona Dourif, binti wa Brad, anafanya kazi ambayo ingempa tuzo kama kungekuwa na haki. Anamwigiza Nica, mwanamke ambaye roho ya Chucky imo ndani yake, na katika kumbukumbu za zamani anamwigiza Charles Lee Ray mwenyewe, muuaji ambaye roho yake ndiyo Chucky, akiwa kijana, yaani anaigiza ujana wa mhusika wa baba yake.

Msimu wa pili, kule shule ya Kikatoliki, una wanasesere wengi mno na nyuzi zinapotea mikononi. Wa tatu unaingia Ikulu ya Marekani na kumleta Chucky anayezeeka, anayeogopa kufa, na hapo Mancini amepata tena swali lake. Halafu, Septemba 2024, tamthilia ikakatizwa na vijana wetu wakaachwa mahali pabaya. Wenye runinga walipewa mwandishi anayekumbuka kila kitu tangu 1988, wakamnyima msimu wa kumalizia. Hasira yangu juu ya hilo haijapoa.

Anayetaka kuanza afuate mpangilio wa miaka: ya 1988, ya pili ya 1990 ambayo mwisho wake kiwandani ni wa kupendeza, ya tatu unaweza kuikimbiza, kisha Bride of Chucky, Seed of Chucky, Curse of Chucky, Cult of Chucky, halafu tamthilia. Usiruke Seed hata ukiichukia, utaihitaji msimu wa pili. Child's Play ya 2019 iweke pembeni. Mark Hamill anaitendea sauti haki, lakini mwanasesere yule ni mashine yenye hitilafu, Mancini hakuhusika, na hakuna kitu cha hadithi hii kinachopita kwake.